Albamu ya Benga Hutengenezwaje?

Leo kalamu yangu imeelekea kwenye muziki, si kuucheza bali namna unavyorekodiwa. Sisi watu wa Mbooni hujidai kwamba benga ni yetu. Ukweli ni kwamba ilianzia kwa Waluo, ambao magita yao yaliiga nyuzi za nyatiti. Wakamba waliipokea wakaitia mwendo wao, na katika miaka ya 1970 na 1980 zikavuma bendi kama Les Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki.

Kwanza tuielewe santuri. Ile ndogo ya inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja hubeba dakika tatu au nne hivi. Sasa benga haimalizi hadithi yake kwa dakika tatu! Kwa hivyo mara nyingi wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza unasikia kisa, halafu unageuza sahani, na upande wa pili magita yanachachamaa huku mwimbaji akisalimu marafiki kwa majina. Ukisikia wimbo wa zamani umekatika ghafla katikati, usidhani redio imeharibika. Sahani ndiyo iliyokwisha.

Santuri kubwa ya inchi 12 huchukua kama dakika 20 kila upande, na hiyo ndiyo albamu. Lakini bendi zetu hazikuanza na albamu. Zilitoa santuri ndogo moja moja, kwa sababu mnunuzi wa kijijini alikuwa na pesa za wimbo mmoja tu. Zilizouzika sana ndizo zilizokusanywa baadaye. Ndiyo maana albamu nyingi za benga hazina mpango wa wimbo wa kwanza hadi wa mwisho kama sura za riwaya.

Studio zilikuwa Nairobi. Bendi nzima ilipiga pamoja: solo, ridhimu, besi, ngoma na waimbaji. Mpiga besi akikosea karibu na mwisho, wote wanarudi mwanzo, na saa ya studio ni ya kulipia. Basi mazoezi yalimalizwa nyumbani. Baadaye ikaja mitambo ya kurekodi kila chombo peke yake, na siku hizi kompyuta moja kwenye chumba kidogo sokoni inatosha, hata ngoma zinatoka humo. Ni rahisi, sikatai, lakini mimi husikia kwamba besi na solo haziitikiani tena kama zamani.

Wanachama wenzangu watafurahi kujua kwamba Kakai aliimba kwa Kiswahili pia, si Kikamba peke yake, na hivyo akapata wasikilizaji mbali na Ukambani. Je, lugha ndiyo iliyomvusha? Kuna ubishi hapa. Kalambya Sisters waliimba "Katelina" kwa Kikamba, kwa zile sauti zao nyembamba, na wimbo ukapendwa hata na wasioelewa neno.

Kuna jambo jingine ambalo tusilipite mbio. Wimbo una haki mbili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kakai alifariki 1987, kwa hivyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2037. Sauti iliyorekodiwa huhesabiwa mbali: miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Santuri iliyorekodiwa 1980 itamaliza ulinzi wake mwisho wa 2030. Hiyo si mbali. Na haki ya sauti mara nyingi huwa ya aliyelipia studio, siyo ya mpiga gita.

Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kurekodi, muulize alitia sahihi karatasi gani, na nakala yake iko wapi.