MBWA KOKO KUFUNZWA KUWINDA: HUKUMU YAKE NA ADABU ZAKE

SUALI: Mtu mwindaji amemwona mbwa koko jaani, akamhurumia akampa maji na chakula, na mbwa akamfuata mpaka shambani kwake. Je, yafaa amfuge na kumfunza kuwinda? Na mnyama atakayekamatwa na mbwa huyo, nyama yake ni halali?

JAWABU: Watu wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhhab ya Imamu Shafii, husikia tangu chuoni kwamba mbwa ni najisi nzito, na neno hili ni kweli katika madhhab hayo. Walakini wako waliolichukua wakalipeleka mbali kuliko lilipofika, wakadhani kwamba kila mwenye mbwa ni mwenye dhambi na kila mbwa ni wa kupigwa mawe. Najisi ni hukumu ya kugusa na kutahirisha. Si ruhusa ya kutesa, wala si katazo la kila matumizi. Mavi ya ng'ombe nayo ni najisi kwa Imamu Shafii, wala hakuna mkulima aliyeambiwa asitie samadi shambani.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akateremka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anahema na kula udongo kwa kiu. Akarudi kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumghufiria. Maswahaba walipouliza kama wana ujira kwa wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, mna ujira. Basi aliyempa maji koko wa jaani hakufanya jambo la kuchekwa.

Lakini habari hii ni ya kunywesha, si ya kufuga, na hapa ndipo wengi wenye moyo mwema hukosea. Kufuga kuna mlango wake. Imesihi hadithi kwamba mwenye kuweka mbwa, isipokuwa mbwa wa mawindo au wa mifugo au wa mimea, hupungukiwa na thawabu za amali yake kila siku kwa kiasi cha qirati, na katika riwaya nyingine qirati mbili. Kwa hiyo huruma peke yake haiwi udhuru wa kuweka mbwa. Asiyekuwa na mbuzi, wala shamba, wala hawindi, na ampe koko chakula pale pale alipo. Imamu Nawawi ametaja kwamba, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, mtu asiyewinda hana ruhusa ya kuweka mbwa kwa hoja kwamba huenda siku moja akataka kuwinda. Na ametaja kwamba yafaa kulea mtoto wa mbwa kwa nia ya kumfunza kazi hiyo, ingawa leo bado hajui kitu. Na kulinda nyumba kumekisiwa juu ya yale matatu. Huyu wa suali ni mwindaji, basi udhuru anao, kwa sharti kazi ya kumfunza aifanye kweli, isiwe ni neno la mdomoni miaka na miaka na mbwa amelala barazani.

Tena kuna jambo litakalowastaajabisha baadhi ya watu. Katika madhhab ya Shafii mbwa si mali, na thamani yake imekatazwa katika hadithi sahihi. Hauzwi wala hanunuliwi, hata awe hodari namna gani. Mwenye kumhitaji humpata kwa kupewa, au kwa kumchukua asiyekuwa na mwenyewe. Kwa hiyo koko wa jaani, ambaye watu humwona kuwa duni kuliko wote, ndiye ambaye mlango wa kumpata ni mweupe kabisa. Lililopasa ni kuhakikisha kwamba ni koko kweli. Mbwa mwenye ukanda shingoni, au alama sikioni, au anayekaa chini akiamrishwa, huyo ana mtu aliyemfunza. Aulizwe mwenyewe mitaani na mashamba ya jirani, kwani kutokuwa mali hakumpi mtu ruhusa ya kumnyang'anya mwenzake haki yake.

Kabla ya mafunzo ni afya. Mbwa wa mitaani huenda akawa na kichaa cha mbwa, na maradhi haya yakishadhihiri kwa mtu hayana dawa, mwisho wake ni mauti. Mbwa anayetokwa na mate ovyo, anayeuma mti na jiwe, au aliyelegea taya asiweze kunywa maji, asisogelewe, bali wapelekewe habari watu wa mifugo. Aliye mzima achanjwe, kisha akae peke yake siku za kutosha asichanganywe na mbwa wengine, na chanjo irudiwe kwa muda atakaoutaja daktari wa wanyama. Faida ya chanjo imeonekana Pemba: mbwa walichanjwa, kichaa kikakatika kisiwani mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016, na baada ya juhudi mpya ya kuchanja kikakatika tena mwaka 2018. Na mtu akiumwa, aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata sindano. Kuosha kwa udongo ni hukumu ya tahara, nako hakumwondolei mtu haja ya sindano.

Sasa tuje kwenye asili ya suali, nayo ni mafunzo. Katika Sura ya Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu amehalalisha kinachokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofunzwa, akaeleza kwamba wamefunzwa katika ilimu aliyowafundisha Yeye wanadamu, na kwamba huliwa kile walichowashikia mabwana zao. Adiyy bin Hatim (r.a.), mtu wa kabila la Tayyi na mwana wa yule Hatim aliyesifika kwa ukarimu, alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mbwa wake wa mawindo. Akajibiwa kwamba akimtuma mbwa wake aliyefunzwa na akalitaja jina la Mwenyezi Mungu, basi ale alichomshikia. Na mbwa akila katika windo, asile yeye, kwa kuwa huchelewa mbwa amejishikia nafsi yake.

Wanazuoni wa Kishafii wametoa humo masharti manne: mbwa aende anapotumwa, akome anapokanywa, amshike mnyama asimwachie, na asile. Kulamba damu hakudhuru. Tena mambo haya yakariri mara kwa mara mpaka wajuzi wa mawindo waseme kwamba amefunzika, wala madhhab haya hayakuweka idadi.

Mtu akiyatazama masharti haya ataona kwamba koko amelelewa na jaa kwa kinyume chake. Huenda apendapo yeye, kwani hakuwa na wa kumtuma. Hukimbia sauti ya mtu, kwani sauti aliyoizoea hufuatwa na jiwe. Na anachokipata hukila mbio kabla hajanyang'anywa. Sifa ya kukimbiza na kukamata anayo tele, pengine kuliko mbwa wa watu. Bali hiyo si ilimu, ni njaa. Kazi ya mwalimu si kumwonyesha kukimbia, ni kumfundisha kungoja.

Afadhali achaguliwe mdogo. Mbwa huzoea watu kwa wepesi tangu umri wa wiki 3 mpaka kama wiki 14, na aliyepita umri huo bila ya kuguswa na mkono mwema hufunzika kwa taabu, ingawa wako waliofunzika. Mwanzo wa yote ni chakula: apewe na mtu mmoja, kwa saa zile zile, ili tumbo lake lijue kwamba kesho pia atakula, kwani mwenye hofu ya njaa hawezi kuacha nyama. Kisha apewe jina fupi, na kila akiitika alipwe kitu kidogo. Baada ya hapo afungwe kamba ndefu; aitwe, na asipokuja avutwe pole pole, wala asipigwe. Mbwa akipigwa alipokuja hujifunza kutokuja, na hapo sharti la kukoma limeharibiwa na mwenyewe.

Sharti la kutokula ndilo gumu, nalo lapasa kusubiriwa. Sahani iwekwe mbele yake naye amezuiwa, mpaka atulie na kumtazama bwana wake, ndipo aruhusiwe. Leo angoje kitambo kidogo, kesho zaidi. Akishaweza hayo, iburutwe ngozi kavu kwa kamba aifukuze, aishike, kisha abadilishiwe kwa kipande cha nyama kutoka mkononi. Ajue kwamba akiachia hupata, na akila hukosa. Mafunzo ya kila siku yawe mafupi, yakome kabla hajachoka. Mtu mwenye pupa humtoa mwituni mapema, mbwa akamrarua sungura wa kwanza, na kazi ya miezi ikarudi nyuma. Hata mbwa aliyekwisha kufuzu, akila windo, windo lile si halali kwa kauli yenye nguvu, na mafunzo yake huanzwa upya.

Siku ya mawindo, mwindaji amtume mbwa mwenyewe na aseme Bismillahi. Kwa Imamu Shafii kuitaja ni sunna iliyotiliwa mkazo. Kwa maimamu wengine ni sharti, basi haifai kupuuzwa. Koko mwenye tabia ya zamani huenda akaruka mwenyewe amwonapo mnyama. Akimwua kwa namna hiyo, windo si halali. Na hata bwana wake akimhimiza njiani naye akazidi mbio, kauli sahihi zaidi ni kwamba bado si halali, kwa kuwa mwanzo wa mwendo haukuwa wa kutumwa. Lililo jema ni kumkanya kwanza, akisimama ndipo atumwe. Kadhalika akikutwa na mbwa mwingine asiyejulikana juu ya windo moja lililokwisha kufa, lisiliwe, kwani jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa kwa mmoja tu.

Mnyama akifikiwa na uhai uliotulia, lazima achinjwe. Asiachwe mpaka afe ikasemwa kwamba mbwa ametosha. Akikutwa amekwisha kufa kwa jeraha la mbwa aliyetimiza masharti, ni halali. Na mahali alipotia meno ni najisi, haisamehewi kwa kauli sahihi zaidi; hutosha kuoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo, wala si lazima kukata nyama ile na kuitupa. Wengi hukata wakatupa robo ya paja kwa kudhani ndiyo taqwa, kumbe wamepoteza riziki iliyohalalishwa.

Halali ya windo yahusu mnyama aliye halali kuliwa, tena aliyeruhusiwa kuwindwa katika nchi. Katika Kenya kuwinda wanyama wa mwituni kulipigwa marufuku mwaka 1977. Unguja, paa nunga amehifadhiwa kwa sababu amebaki mchache sana, na msitu wa Jozani umo ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004. Mwenye kutaka kuwinda aulize kwanza idara ya misitu au ya wanyamapori anayoishi chini yake, apate kibali ikiwa kinatolewa. Pasipotolewa, mbwa wake awe wa kulinda.

Na kama miezi imepita naye koko hakukoma kwa kukanywa, au bado hula akamatacho, hakuna haja ya kumrudisha jaani. Abaki shambani kuwafukuza nguruwe wanaofukua mihogo, kwani mimea imetajwa katika hadithi sawa na mawindo. Siku akimshika mnyama wa halali katika mashamba hayo, itazamwe kama yu hai. Abu Thaalaba al-Khushani (r.a.) aliuliza juu ya mbwa asiyefunzwa, akajibiwa kwamba atakachokiwahi kukichinja, ale.