Vipokea Sauti vya Masikioni: Namna Vinavyofanya Kazi na Kipimo cha Kuvitumia

Kila siku asubuhi, wanafunzi na wafanyakazi husimama kituoni Kerege wakingoja gari, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Bunju na Mapinga kwenda Zinga na Bagamoyo mjini. Wengi wao, hasa vijana, huonekana na nyaya nyembamba zilizoning'inia kutoka masikioni hadi mfukoni, au na vidude vidogo visivyo na waya wowote. Vifaa hivyo ni vipokea sauti vya masikioni, ambavyo watu wengi huviita hedifoni au iafoni. Mmoja husikiliza taarifa ya habari, wa pili kaswida, wa tatu muziki, na wa nne somo lililorekodiwa na mwalimu wake.

Kifaa hiki kina manufaa mengi. Humwezesha mtu kusikiliza bila kumsumbua jirani. Humsaidia mtangazaji, rubani na mwanafunzi wa lugha. Na hospitalini hutumiwa kupima uwezo wa kusikia wa kila sikio peke yake. Hata hivyo, kifaa kilekile chaweza kuliharibu sikio polepole, bila maumivu na bila mtumiaji kujua. Somo hili laeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, kwa nini sikio haliwezi kuachiwa lenyewe kupima usalama wake, na jinsi hesabu rahisi inavyoweza kuziba upungufu huo.

1. Kutoka redio moja hadi sikio moja

Vipokea sauti si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin alitengeneza vipokea sauti vya kichwani jikoni mwake katika jimbo la Utah, akaviuza kwa jeshi la majini la Marekani. Mwanzoni vifaa vya namna hiyo vilitumiwa hasa na mafundi wa simu na wa redio. Vilienea zaidi kwa watu wa kawaida baada ya mwaka 1979, kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman, chombo kidogo cha kuchezea kaseti ambacho mtu aliweza kutembea nacho.

Nchini Tanzania, kwa miaka mingi redio ilisikilizwa kwa pamoja. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wanavijiji walikusanyika katika vikundi kusikiliza masomo ya afya kutoka redio moja, kisha wakayajadili. Tofauti kati ya kusikiliza huko na kusikiliza kwa vipokea sauti si ya desturi tu, bali pia ya kifizikia. Sauti itokayo redioni mahali pa wazi husambaa pande zote, na ukali wake hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha umbali. Aliyeketi mita 4 kutoka kwenye redio hupata sehemu moja tu ya kumi na sita ya ukali anaoupata aliyeketi mita 1.

Sauti ya kipokea sauti haina nafasi ya kusambaa, kwa kuwa imefungiwa katika tundu la sikio. Ndiyo sababu umeme mdogo sana hutosha. Vipokea sauti vingi, vikipewa sehemu moja tu ya elfu ya wati, hutoa sauti ya desibeli 100 hivi, nayo ni sauti kali mno.

2. Umeme ugeukapo sauti

Kipokea sauti cha kawaida kina sehemu kuu tatu: sumaku ya kudumu, koili ya waya mwembamba, na kiwambo chepesi cha plastiki. Koili imegandishwa kwenye kiwambo na kuwekwa karibu na sumaku. Mkondo wa umeme unapopita katika koili, koili nayo huwa sumaku. Hivyo huvutwa au kusukumwa na sumaku ya kudumu, nayo huchukua kiwambo pamoja nayo. Mkondo ukibadilika mara 440 kwa sekunde, kiwambo nacho hutetema mara 440 kwa sekunde, na hewa iliyo mbele yake hutetema vivyo hivyo. Mtetemo huo wa hewa ndio sauti.

Jaribio. Mwanafunzi achukue kipokea sauti cha waya kilichochakaa, betri kavu moja ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Asikiweke kipokea sauti sikioni, bali akishike mbali kidogo na kichwa. Waya mmoja ushikizwe kwenye ncha ya plagi, na wa pili kwenye shina lake, yaani pete iliyo mbali kabisa na ncha. Kisha nyaya hizo ziguswe kwa muda mfupi kwenye ncha mbili za betri. Utasikika mlio mfupi, "ta", nyaya zinapogusa betri. Kimya wakati zimegusa. Na "ta" nyingine zinapoachiwa.

Kimya hicho cha katikati ndicho chenye fundisho. Umeme unapita, lakini haubadiliki. Kwa hiyo kiwambo kimesogea na kutulia. Sauti haitokani na mkondo wenyewe, bali na mabadiliko ya mkondo.

3. Safari ya sauti ndani ya sikio

Mawimbi ya sauti yakiingia katika tundu la sikio hukitetemesha kiwambo cha sikio. Mtetemo huo hupokewa na mifupa mitatu midogo, iitwayo nyundo, fuawe na kikuku kwa sababu ya maumbo yake, kisha hufikishwa kwenye koklea. Koklea ni mrija uliojaa majimaji na kujikunja kama gamba la konokono. Ndani yake zimepangwa seli zenye vinyweleo, ambazo hesabu yake katika kila sikio ni 15,000 hivi. Majimaji yanapotikisika, vinyweleo hupinda, na seli hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya neva ya kusikia.

Sauti kali huvipinda vinyweleo kupita kiasi. Mara ya kwanza seli huchoka tu, na baada ya mapumziko hupata nafuu. Msomaji aliyewahi kutoka katika ngoma au harusi yenye spika kubwa huenda akaukumbuka mvumo masikioni usiku ule, uliokwisha asubuhi. Mvumo huo ni onyo. Onyo likirudiwa mara nyingi, seli hufa.

Hapa binadamu amepungukiwa na jambo ambalo kuku wa uani analo. Katika miaka ya 1980 wanasayansi waligundua kwamba kuku aliyeharibiwa seli hizo kwa kelele huotesha nyingine mpya. Binadamu haoteshi. Seli ikifa katika koklea yake, haina badala, wala hakuna dawa ya kawaida iwezayo kuirudisha. Aghalabu zinazotangulia kufa ni zile zipokeazo sauti nyembamba, kwa hiyo mgonjwa husikia kwamba mtu anasema, lakini hutatizika kupambanua herufi kama "s", "f" na "t". Darasani, mwanafunzi wa namna hiyo huweza kudhaniwa kuwa mvivu au mzito wa kuelewa.

4. Hesabu ya kipimo

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakiongezeki kama mita au kilo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati ya sauti huwa karibu maradufu. Zikiongezeka desibeli 10, nishati huwa mara kumi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, lilitoa kiwango cha usikilizaji salama kwa vifaa vya aina hii: mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma kwa sauti ya desibeli 80. Kwa watoto kiwango kilichopendekezwa ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Sauti ikiongezeka desibeli 3, muda hauna budi kupunguzwa kwa nusu. Kwa mtu mzima hesabu huwa hivi:

Desibeli 80: saa 40 kwa juma
Desibeli 83: saa 20
Desibeli 86: saa 10
Desibeli 89: saa 5
Desibeli 92: saa 2 na nusu
Desibeli 95: saa 1 na robo
Desibeli 98: dakika 37 na nusu

Tatizo ni kwamba sikio halioni ongezeko la desibeli 3 kuwa ni kubwa. Kwa msikilizaji, sauti imepanda kidogo tu. Kwa koklea, mzigo umekuwa maradufu. Hiyo ndiyo sababu sikio halifai kuwa hakimu wa usalama wake, na hesabu inahitajika.

5. Mfano wa msafiri wa Kerege

Ichukuliwe kwamba kijana mmoja husafiri kutoka Kerege hadi Dar es Salaam siku tano kwa juma, na kwamba safari huchukua saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Hizo ni saa 3 kwa siku, au saa 15 kwa juma. Akisikiliza kwa desibeli 80, atatumia saa 15 kati ya 40 alizo nazo, atakuwa salama.

Lakini ndani ya gari kuna ngurumo ya injini, upepo wa madirishani na sauti ya kondakta. Kelele hizo zikiwa nazo ni za desibeli 80, muziki wake humezwa, naye huongeza sauti hadi ausikie vizuri. Tuseme amefika desibeli 92. Kipimo chake sasa ni saa 2 na nusu kwa juma zima. Saa moja na nusu zimekwisha Jumatatu asubuhi; saa moja iliyobaki imekwisha jioni ileile, nusu saa kabla hajashuka Kerege. Siku nne zilizobaki zote ni deni. Ijumaa jioni atakuwa amelipa sikio lake mzigo mara sita ya unaofaa, naye hatakuwa amehisi maumivu yoyote.

Dawa ya kelele za nje, basi, si kuongeza sauti, bali ni kuzuia kelele zisiingie. Vipokea sauti vinavyoziba sikio vyema humwezesha mtu kusikia kwa sauti ndogo. Vipo pia vyenye kinasa sauti kidogo ambacho huipokea kelele, kisha kifaa hutoa wimbi lililo kinyume chake. Kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, mawimbi hayo hufutana. Njia hii hufaa zaidi kwa ngurumo nzito ya mfululizo kuliko kwa sauti za watu.

6. Hatari ya barabarani

Kinachomfaa abiria aliyeketi chaweza kumdhuru atembeaye kwa miguu. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Mtu akisikia honi gari likiwa umbali wa mita 70, ana sekunde 5 za kuondoka barabarani. Muziki ukimzuia asisikie hadi gari limebakiza mita 14, ana sekunde 1 tu.

Isitoshe, ubongo hutambua upande itokako sauti kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti itokayo kulia hufika sikio la kulia mapema kuliko la kushoto, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Masikio yakizibwa, hata moja tu, ulinganisho huo huharibika. Mtu huweza kusikia bodaboda na bado akakimbilia upande inakotoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naye asiyesikia honi huweza kupatwa na makubwa zaidi.

7. Mambo ya kuzingatia

(a) Sauti ya simu isizidi sehemu sita za kumi za uwezo wake wote.
(b) Iwapo aliyeketi kando anausikia muziki, au msikilizaji hamsikii mtu asemaye naye umbali wa hatua moja, sauti ipunguzwe.
(c) Masikio yapumzishwe mara kwa mara, hasa baada ya safari ndefu.
(d) Vipokea sauti vivuliwe kabla ya kuvuka barabara, na wakati wa kuendesha baiskeli au pikipiki.
(e) Vifaa viwekavyo ncha ndani ya sikio visiazimwe ovyo, na visafishwe kwa kitambaa kikavu.
(f) Mwenye mvumo usiokwisha, au anayeomba maneno yarudiwe kila mara, apelekwe kupimwa hospitalini.

Maswali

1. Kwa nini kipokea sauti kilichounganishwa na betri hukaa kimya baada ya mlio wa kwanza?
2. Mtu mzima husikiliza muziki kwa desibeli 86, saa 2 kila siku, siku 6 kwa juma. Je, amezidisha kipimo? Kwa saa ngapi?
3. Eleza kwa nini msafiri aliye garini huongeza sauti kuliko akiwa nyumbani, na utaje njia moja ya kuepuka jambo hilo.
4. Redio imewekwa uwanjani. Linganisha ukali wa sauti anaoupata mtu aliye umbali wa mita 2 na ule anaoupata aliye umbali wa mita 6.