Tezi Ndogo za Shingoni: Tuulize Sababu Kabla ya Kisu

Nyuma ya tezi ya shingo, ile ikivimba huitwa rovu, Mwenyezi Mungu ameweka tezi nyingine nne, kila moja kama punje ya mchele. Huitwa parathairoidi. Kazi yake ni kulinda kiasi cha kalsiamu katika damu. Zikizidisha kazi, huichota kalsiamu mifupani na kuimwaga katika damu. Mgonjwa huchoka, hufunga choo, hupata mawe ya figo, na mifupa huvunjika kwa jambo dogo.

Upasuaji huponya wengi, lakini si kila mmoja anauhitaji. Daktari hupima kwanza kalsiamu na homoni ya tezi hizo kwa pamoja. Vyote vikiwa juu, mara nyingi kosa limo katika tezi zenyewe. Kwa wagonjwa kama 85 katika 100 ni uvimbe katika tezi moja, usio saratani. Homoni ikiwa juu na kalsiamu iko chini au ya kawaida, huenda figo zimeharibika au vitamini D imepungua. Hapo hutibiwa chanzo hicho kwanza. Tena mwonyesheni dawa zote mnazomeza, maana lithiamu na baadhi ya dawa za presha za kukojoza hupandisha kalsiamu. Msiziache wenyewe.

Kipimo kinachodharauliwa ni mkojo wa saa 24. Watu huona haya kubeba dumu hospitalini! Mwaga mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha kusanya wote hata ule wa kwanza wa kesho yake. Kuna koo zilizorithi kalsiamu ya juu katika damu, lakini katika mkojo huwa kidogo sana. Hao kisu hakiwasaidii. Basi usimfiche daktari habari za ndugu zako.

Picha huja mwisho. Hazithibitishi ugonjwa, bali humwonyesha mpasuaji pa kuanzia. Nahodha Charles Martell wa Marekani, zamani kabla ya picha hizo, alipasuliwa mara sita bila mafanikio. Mwaka 1932, katika upasuaji wa saba, tezi mbovu ikapatikana kifuani. Alifariki majuma machache baadaye kwa shida ya jiwe la figo. Hata leo, picha zikikosa kuonyesha kitu, ugonjwa haujafutwa: mpasuaji mzoefu aweza kuzitafuta tezi zote nne.