Faili Lisiloonekana: Tutafute Chanzo Kabla ya Dawa

Kazi nyingi za ofisi ambazo zamani ziliandikwa katika majalada ya karatasi, leo huandikwa na kuhifadhiwa katika kompyuta. Mabadiliko haya yamepunguza kazi ya mikono, lakini yameleta matatizo mapya. Tuchukue mfano wa karani wa ofisi moja katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Asubuhi anataka kuchapa orodha ya malipo ya wakulima wa mwani, na orodha haionekani. Kwa hofu anaanza kufuta vitu ili apate nafasi, kisha anaandika orodha mpya kwa kukisia. Huenda faili lilikuwapo salama. Hasara halisi imeletwa na haraka yake. Somo hili linaeleza namna ya kutambua chanzo cha tatizo kabla ya kugusa kitu chochote.

1. Namna faili linavyohifadhiwa

Mtu aendaye kusoma katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, hatafuti karatasi kwa kupekua rafu zote. Huangalia orodha, akapata namba ya waraka, akaomba aletewe. Kompyuta nayo hufanya kazi kwa namna hiyo. Katika diski mna mambo mawili: yaliyomo ndani ya faili, na faharasa inayoonyesha jina la faili na mahali lilipo.

Faili likifutwa, kwa kawaida kinachoondolewa kwanza ni habari zake katika faharasa. Maandishi yenyewe huweza kubaki katika diski mpaka yaandikwe mengine juu yake. Kwa hiyo, mtu aliyefuta faili kwa makosa aache mara moja kuandika chochote katika diski hiyo, kisha amwite fundi. Ajue pia kwamba katika diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, nafasi iliyoachwa huweza kusafishwa upesi, na matumaini ya kurudisha faili ni madogo zaidi.

2. Maswali manne ya kujiuliza

(a) Je, faili limehama? Hili ndilo swali la kwanza, kwani ni rahisi kuliko yote. Faili huweza kuburutwa kwa bahati mbaya likaingia katika folda ya jirani. Tafuta kwa jina, kwa neno lililomo ndani, au kwa tarehe ya kuandikwa. Kisha angalia katika pipa la taka la kompyuta. Iwapo mafaili ya flashi yamegeuka vijipicha visivyofunguka, usiifute flashi. Viko virusi ambavyo huficha mafaili ya kweli na kuweka mfano wake mahali pake. Safisha virusi kwanza, kisha iamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa.

(b) Je, nafasi imekwisha? Hapa hesabu inatusaidia. Ofisi inayopiga picha nyaraka zake, kila ukurasa megabaiti 5, ikimaliza kurasa 200 kwa siku, hutumia megabaiti 1,000, yaani takriban gigabaiti 1. Kwa siku 250 za kazi katika mwaka, hizo ni gigabaiti 250. Diski ya gigabaiti 500 itajaa katika miaka miwili. Ofisi hiyo haina budi kupanga mapema mahali pa kuhamishia nyaraka za zamani.

Pengine nafasi ipo tele na bado faili kubwa linakataliwa. Flashi nyingi hupangwa kwa utaratibu uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja lifikalo gigabaiti 4, hata kama flashi ni tupu. Dawa ni kuipanga upya flashi kwa utaratibu wa exFAT. Lakini kupanga upya hufuta vyote vilivyomo, basi nakili kwanza.

(c) Je, una ruhusa? Katika kompyuta kuu inayotumiwa na wafanyakazi wengi, kila mtu hupewa haki zake: huyu kusoma tu, yule kusoma na kuandika. Vilevile faili lililofunguliwa na mwenzako huweza kukataa kubadilishwa mpaka alifunge. Watu wengi hapa hujitengenezea nakala zao, na baada ya mwezi zipo orodha nne zinazopingana. Muulize mwenzako, au mwombe msimamizi wa mtandao akupe ruhusa.

(d) Je, faili limeharibika? Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, maandishi huweza kubaki nusu. Hali hiyo hutokea pia flashi inapochomolewa ghafla, kwa sababu kompyuta huweka sehemu ya maandishi katika kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuyafikisha katika flashi. Iamuru kwanza iiachie flashi, ndipo uichomoe.

3. Kinga

Wakazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa sana habari ya umeme. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa takriban mwezi mmoja bila umeme wa kutoka Tanzania Bara, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hali hiyo ilirudi kwa muda wa miezi mitatu hivi. Ofisi zilizoendelea na kazi zilitegemea jenereta. Kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa dakika chache humpa karani nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu.

Hata hivyo kinga kubwa ni nakala za akiba. Kanuni inayofuatwa na wengi ni hii: faili muhimu liwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Nakala iliyomo katika kabati la chumba hicho hicho itaungua au kulowa pamoja na kompyuta. Nakala iliyounganishwa na kompyuta wakati wote nayo itapatwa na virusi hivyo hivyo. Kila baada ya muda fungua nakala moja uone kama inasomeka. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haivionei huruma vyombo vya chuma.

Mwisho, mafaili yapewe majina yenye mpango. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi na siku, mathalani «malipo-mwani-2024-03-15». Majina ya namna hii hujipanga yenyewe kwa tarehe, na mtu mwingine ataweza kulipata faili siku ambayo wewe hupo kazini.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini si vema kuendelea kuandika katika diski baada ya kufuta faili kwa makosa?
2. Flashi tupu ya gigabaiti 32 imekataa faili la gigabaiti 5. Eleza sababu na dawa yake.
3. Ofisi yako ikiungua usiku wa leo, ni mafaili gani yatapatikana kesho, na yatapatikana wapi?