Wabebaji Wanne



Likizo iliyopita nilikuwa Misani Makambako. Wakati wa mageuzo mtoto mmoja akapiga kelele. Nikageuka, nikamkazia macho mama yake. Mama akamfunga mgongoni, akatoka. Mtoto ana kama miaka saba, hatembei. Sikuwafuata. Mpaka leo inaniuma.

Soma Marko 2:1-12. Aliyepooza alibebwa na watu wanne. Mama yule anabeba peke yake.

Sasa tufanyeje? Msaada upo, ila wengi hawajui mlango. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtambulia mtoto huyu haki ya elimu na matibabu. Iwe Njombe au Makambako, anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kuhusu shule, muulizeni afisa elimu maalumu ni ipi yenye kitengo.

Wiki hii msindikize mama mmoja ofisini, au kaa na mtoto wake saa moja, naye apumzike. Kanisani, mpishe benchi la mbele.

Swali la kutafakari: wewe utashika kona ipi ya mkeka?

Bwana, tufundishe kubeba pamoja. Amina.