Nchi ya Kiingereza Iliyo Jirani

Siku moja, katika darasa moja huko Bigo, mjini Bunia, mwalimu aliuliza hivi: "Ni nchi gani iliyo karibu nasi ambayo watoto wake husoma kwa Kiingereza?"

Mtoto mmoja akajibu, "Ni Uingereza, Mwalimu." Mwingine akasema, "Ni Marekani."

Mwalimu akanyosha mkono upande wa mashariki. "Iko kule," akasema, "ng'ambo ya ziwa. Ni Uganda."

Kiingereza kilitoka Uingereza, nchi ya visiwa katika Ulaya. Mji wake mkuu ni London. Zamani Waingereza walivuka bahari wakatawala nchi nyingi, na lugha yao ikabaki huko. Ndiyo maana leo Kiingereza husemwa Marekani, Kanada na Australia. Hapa Afrika hutumiwa katika shule na serikali za Nijeria, Ghana, Kenya, Uganda na nchi nyingine.

Kutoka Bunia mpaka Kasenyi, penye ufuko wa Ziwa Albert, ni mwendo wa kilometa 50 hivi. Bunia iko juu, zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko chini, kwenye meta 619 hivi. Kwa hiyo njia hutelemka sana, na joto huzidi. Ziwa lina urefu wa kilometa 160 hivi, na upana wa kilometa 30 hivi. Mto Semliki huingia upande wa kusini. Mto Nile huingia upande wa kaskazini, kisha hutoka tena, huenda Sudani Kusini, Sudani na Misri.

Mpaka wa Kongo na Uganda hupita katikati ya maji. Hapana ukuta, wala kamba. Samaki hawaujui, na mvuvi huweza kuuvuka usiku bila kuuona. Ni nani basi aliyeuweka? Ni wageni kutoka Ulaya. Mwaka 1885 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubeljiji, alijifanya mtawala wa Kongo. Mwaka 1894 Waingereza waliiweka Uganda chini ya mamlaka yao. Tangu hapo watu wa ziwa moja walitawaliwa na mataifa mawili.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Uganda tarehe 9 Oktoba 1962. Watawala walikwenda zao, lakini desturi zao nyingi zilibaki. Upande wa Kongo watoto husoma Kifaransa, na pesa ni faranga. Upande wa Uganda husoma Kiingereza, na pesa ni shilingi. Katika Kongo magari hupita upande wa kuume wa barabara. Katika Uganda hupita upande wa kushoto. Hata saa si moja. Ikiwa ni saa mbili asubuhi Bunia, Kampala ni saa tatu, ijapokuwa jua ni lile lile.

Lakini watu hawakugawanyika kabisa. Waalur wako pande zote mbili, na lugha yao ni moja. Kiswahili nacho husikiwa huku na huku, katika masoko na penye mitumbwi.

Ujirani huo ulionekana wakati wa taabu. Mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018, vita vilipozuka Ituri, maelfu ya watu walikimbia kwa mitumbwi. Wengine walizama. Waliofika walipokelewa Uganda, na wengi wakapelekwa Kyangwali. Huko watoto waliozoea Kifaransa walikuta mwalimu akifundisha kwa Kiingereza. Iliwapasa kuanza tena kama watoto wadogo. Lakini hesabu ilikuwa ile ile. Mbili na mbili ni nne, huku na ng'ambo. Aliyekwisha kujua hesabu alipungukiwa na maneno tu, na maneno hufundishika.

MASWALI

1. Taja nchi tatu za Afrika zinazotumia Kiingereza shuleni.
2. Kwa nini njia ya kutoka Bunia kwenda Kasenyi hutelemka?
3. Mpaka wa Kongo na Uganda hupita wapi katika Ziwa Albert?
4. Ikiwa ni saa sita mchana Bunia, ni saa ngapi Kampala?
5. Mtoto mgeni asiyejua lugha ya shule akiingia darasani, wenzake waweza kumsaidia namna gani?