Vioo vya Rangi Nyumbani: Jinsi ya Kuanza Bila Kuhatarisha Watoto

Mkazi wa Matisi anayetaka kujifunza kutengeneza vioo vya rangi anahitaji meza imara, mwanga wa kutosha na vipande vilivyobaki kwa fundi wa madirisha. Kazi yenyewe ni kukata vioo vya rangi mbalimbali kufuata mchoro na kuviunganisha kwa madini. Makanisa, hoteli na wenye nyumba huiagiza. Nchini Kenya karakana inayojulikana sana ni ya Kitengela, iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako vioo kuukuu hutumiwa tena.

Kabla ya kununua kifaa chochote, mwanafunzi aelewe habari ya risasi. Kwa karne nyingi mafundi wa Ulaya waliunganisha vioo kwa vipande virefu vya risasi, na lehemu ya kawaida bado huwa na madini hayo. Risasi huingia mwilini kwa vumbi, moshi na mikono isiyooshwa, kisha hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Wakenya wana mfano wa karibu: mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kwa hiyo mtu asiyeyushe risasi ya betri ya gari nyumbani, hata kama mwenye gereji anaitoa bure. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo haifai tena kupikia, na majivu yake yakimwagwa uani huchezewa na watoto.

Njia inayomfaa anayeanza ni ya utepe wa shaba, iliyopata umaarufu kupitia karakana ya Louis Comfort Tiffany huko New York mwishoni mwa karne ya 19. Kila kipande cha kioo huzungushiwa utepe mwembamba wa shaba wenye gundi, kisha vipande hupangwa na kuunganishwa kwa lehemu. Lehemu isiyo na risasi, ambayo kwa kawaida ni bati lililochanganywa na shaba kidogo, huyeyuka kwenye nyuzi 227 hivi za Selsiasi. Ni ghali zaidi na haitiririki kirahisi kama ile ya kawaida, lakini kwa anayefanya kazi katika chumba anamolala na kupikia, tofauti hiyo ya bei inafaa kulipwa.

Mazoezi ya kukata yaanze na kioo cha kawaida cha dirisha au luva zilizovunjika, si kioo cha rangi cha kununua. Gurudumu la kisu cha kukatia hupakwa mafuta ya taa kidogo, kisha hupitishwa mara moja tu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwa mkono usiotetemeka. Sauti nyororo ya mkwaruzo ni dalili njema. Kurudia mstari uleule huharibu kisu na kuvunja kioo ovyo. Baada ya hapo kioo hushikwa pande zote mbili za mstari na kukunjwa kuelekea chini. Kioo cha dirisha la pembeni la gari hakikatiki kabisa, kwani kimeimarishwa kwa joto na kikikwaruzwa hupasuka vipande vidogo. Chupa nazo zimepinda, hivyo zinahitaji tanuri la kuzinyoosha.

Mchoro wa kwanza uwe wa mistari iliyonyooka, sentimita 20 kwa 20, vipande sita au saba. Uchorwe mara mbili kwenye karatasi ya manila na kila kipande kipewe namba. Karatasi moja hukatwa, nyingine hubaki mezani kama ramani. Kingo husuguliwa kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa, kwa sababu vumbi kavu la kioo hudhuru mapafu. Chuma kidogo cha kulehemu cha fundi wa redio hakitoshi. Kinachohitajika ni cha wati 80 hadi 100. Hata hicho kisikae mahali pamoja muda mrefu, maana kioo kitapasuka kwa joto.

Miwani ya kukinga macho, viatu vilivyofunika vidole na dirisha lililo wazi ni lazima. Vigae vya kioo vifagiliwe kwa brashi na kutiwa kwenye kopo lenye kifuniko lililoandikwa wazi, ili wanaozoa taka wasikatwe.

Asiye na umeme anaweza kutumia matako ya chupa za kijani na kahawia, yakipangwa ndani ya saruji ukutani. Hakuna lehemu inayohitajika, na choo au jikoni lenye giza hupata mwanga wa rangi.

Kwenye dirisha la chuma, kazi iliyokamilika huwekwa nyuma ya kioo kilichopo na kushikiliwa kwa pati, ili mvua isiifikie. Mpangaji azungumze kwanza na mwenye nyumba. Anayeanza kuuza achukue leseni ya biashara ya kaunti kabla ya kupokea malipo ya awali ya mteja.